Bajaji za umeme kwa milima ya Mbeya: mota na betri ya ukubwa gani, na kituo cha chaji kiweje?

Mwana_Uyole aliuliza:

Wakuu, habari za majukumu. Kikundi chetu cha wamiliki wa bajaji hapa Mbeya kina bajaji 10 za petroli, karibu zote zimechoka, na wanachama wameshakubaliana tuhamie kwenye umeme. Mezani tuna aina mbili.

Ya kwanza ni ya bei nafuu: mota ya wati 1,500, betri tano za asidi za volti 12, ampia-saa 120 kila moja. Muuzaji anasema km 100 kwa chaji moja. Ya pili bei yake inakaribia mara mbili: mota ya kilowati 6, betri ya lithiamu aina ya LFP ya volti 51.2, ampia-saa 150, na anasema km 130.

Njia zetu mnazijua. Uyole, Nane Nane, Mafiati, Mwanjelwa, Kabwe, halafu kupandisha mjini Sokomatola hadi mitaa ya juu ya Isanga na Itiji kuelekea mlima Loleza. Dereva mmoja anapiga kama km 110 kwa siku. Barabara za mitaani nyingine ni vumbi na mawe.

Maswali yangu: (1) ipi kati ya hizo mbili itapanda na abiria watatu bila kuwashusha? (2) Tukichajia bajaji zote 10 sehemu moja, umeme wa kawaida wa nyumbani unatosha? (3) Kuna wanaotushauri tuweke mfumo wa kufuatilia bajaji kwa simu na wengine wanasema tufanye kituo cha kubadilisha betri kama Kigali. Vipi vya lazima na vipi ni mapambo?

Wenye ujuzi naomba mnijibu kwa namba. Maneno ya wauzaji tumeyasikia ya kutosha. Ndaga fijo.

---

Kontrola_51V alijibu:

Mkuu, km 100 ya muuzaji hupimwa tambarare, dereva peke yake, mwendo mmoja wa kama km 25 kwa saa. Kwa Mbeya anza na uzito na mwinuko, kilometa zifuate baadaye.

Bajaji yenyewe na betri yake chukua kilo 400. Dereva na abiria watatu kilo 260. Mizigo, maana abiria wa kutoka soko la Mwanjelwa hapandi mikono mitupu, kilo 40. Jumla kilo 700. Uzito huo barabara ya lami tambarare, mwendo wa km 30 hadi 35 kwa saa, unakula takriban wati-saa 55 kwa kilometa kutoka kwenye betri. Barabara ya vumbi ongeza robo.

Mlima una hesabu yake peke yake. Kuinua kilo 700 mita 100 kwenda juu kunahitaji wati-saa 190, hiyo ni fizikia tupu, haijali umepita mteremko mkali au wa taratibu. Ukiweka upotevu wa mota, kontrola (kifaa kinachopima na kugawa umeme wa betri kwa mota) na gia, betri itatoa kama 250. Kwa hiyo ukijumlisha vipande vyote vya kupanda vya siku nzima, tuseme mita 1,000 kwa jumla, hiyo ni uniti 2.5 (uniti moja ni wati-saa 1,000) juu ya matumizi ya tambarare. Ukishuka mota inarudisha sehemu, lakini usitegemee zaidi ya moja ya tano.

Sasa siku yako: km 110 mara 55 ni uniti 6. Ongeza 2.5 za mlima, toa 0.5 za kurudishwa. Unabaki na uniti 8 zinazotakiwa kutoka kwenye betri. Kweli si kila safari imejaa, lakini nafasi hiyo iache iwe akiba ya foleni, tope na betri kuzeeka.

Betri ya pili, volti 51.2 mara ampia-saa 150, ina uniti 7.7. Ukitumia asilimia 85 ili isife mapema, unazo 6.5. Haitoshi kwa siku nzima. Una njia mbili: ununue ya ampia-saa 200, ambayo inatoa 8.7, au ubaki na 150 na kila dereva achaji saa moja mchana wakati wa kula. Chaja ya ampia 30 itamrudishia uniti 1.6 kwa saa hiyo na hesabu inakaa sawa, ila kwa kubana.

Ile ya asidi iache kabisa. Kwenye karatasi ina uniti 7.2, lakini betri ya asidi ikishushwa chini ya nusu kila siku haifikishi miaka miwili, wengi huishia mizunguko 300 hadi 500 ya kuchaji na kutumia. Pia ukiivuta kwa ampia nyingi mlimani uwezo wake unapungua hapo hapo, ampia-saa 120 zinaweza kugeuka 70. Na betri tano hizo zina kilo kama 170, ukisafirisha mlimani mzigo ambao hakuna abiria anayeulipia.

Kuhusu mota, mlima wa asilimia 8, yaani kupanda mita 8 kila mita 100, kwa kilo 700 na mwendo wa km 25 kwa saa, unataka kilowati 4.7 kwenye matairi. Kutoka kwenye betri ni kama kilowati 6, ambayo kwa volti 51 ni ampia karibu 117. Mota ya wati 1,500 mlima huo huo itapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka, km 6 au 7 kwa saa, huku ikichemka. Koili zikipita joto lake vanishi inaungua, unaanza kusikia harufu, halafu mota inapoteza nguvu siku hadi siku mpaka ife. Madereva wataanza kuwashusha abiria nusu ya mlima na hapo biashara imekwisha.

Kwa hiyo mwulize muuzaji vitu vinne, na ajibu kwa maandishi. Kilowati 6 ni za mfululizo au za dakika moja tu? Wengi huandika ile ya kilele. Bodi ya ulinzi wa betri inaruhusu ampia ngapi mfululizo? Ikiwa ni 100, itakata umeme katikati ya mlima na abiria ndani, taka 150 au zaidi. Kontrola ina ampia ngapi za kilele? Isipungue 200. Na toki, yaani nguvu ya kuzungusha, kwenye matairi ni kiasi gani? Kuondoka umesimama kwenye mlima wa asilimia 12 na mzigo kamili, kwa tairi za 4.00-8, kunataka nyutoni-mita 190 ili usirudi nyuma tu, hivyo ili uondoke vizuri taka 250. Asiyejua namba hiyo akupe toki ya mota na uwiano wa gia, utazidisha mwenyewe.

Kitu kimoja kinachoipendelea Mbeya: mji uko kwenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari. Injini ya petroli isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko, maana hewa ni nyepesi. Bajaji zenu za sasa zinafanya kazi na asilimia 83 ya nguvu zilizoandikwa. Mota ya umeme haivuti hewa ya kuchoma, nguvu yake ni ile ile. Ila hewa nyepesi inapooza vibaya kidogo, kwa hiyo mota iliyofunikwa na tope jekundu la masika lazima ioshwe.

Fedha: petroli ukiiweka sh 3,000 kwa lita na bajaji inakula lita 1 kwa km 25 za milima, km 110 ni sh 13,200. Umeme: uniti 8 za betri ni uniti 9 ukutani. Kwa sh 357 kwa uniti pamoja na kodi, hiyo ni sh 3,200 hivi. Tofauti sh 10,000 kwa siku, sh 260,000 kwa mwezi wa siku 26. Kutoka hapo tenga fungu la betri kila mwezi bila huruma. Kama betri ni sh milioni 4.5 na unaipangia miaka mitano, ni sh 75,000 kwa mwezi. Vikundi vingi vinagawana tofauti yote, na mwaka wa tano bajaji zinabaki kuwa mabanda ya kuku.

---

Fundi_Njia_Tatu alijibu:

Najibu swali la pili.

Chaja ya volti 58.4 ampia 30 inavuta kama kilowati 1.95 ukutani, yaani ampia 8.5 kwa volti 230. Mara 10 ni ampia 85. Umeme wa njia moja (single phase) wa nyumbani hauwezi, na hata kama mita ingekubali, majirani wa transfoma hiyo watakuja kugonga geti. Omba njia tatu (three phase). Ukigawa chaja 4, 3 na 3, njia yenye mzigo mkubwa inabeba ampia 34, ambazo ni sawa kabisa. Matumizi ya mwezi yatakuwa kama uniti 2,340, bado uko ndani ya kundi la bei la T1 la TANESCO ambalo mwisho wake ni uniti 7,500. Usijaribu kujipenyeza kwenye ule mpango wa uniti 75 za watumiaji wadogo, matumizi yenu yanauzidi mbali.

Waya mkuu kutoka kwenye mita hadi bodi ya kituo, kama ni mita 40, weka shaba ya milimita 16. Kila chaja iwe na laini yake ya milimita 2.5, isizidi mita 20, sakiti breka ya ampia 16 aina ya C, na kifaa cha kukata umeme unapovuja cha miliampia 30. Hicho cha mwisho kiwe kimoja kwa kila chaja au kwa chaja mbili tu. Ukiweka kimoja kwa zote 10, uvujaji mdogo mdogo wa kawaida wa kila chaja unajumlika na kinakata usiku wa manane. Asubuhi bajaji zote tupu.

Soketi ndiyo sehemu inayounguza vituo. Plagi ya kawaida ya pini tatu bapa imeandikwa ampia 13, lakini zile za bei rahisi zikibeba ampia 8.5 kwa saa sita mfululizo zinalegea, zinapata joto, plastiki inageuka kahawia, halafu moto. Tumia plagi za viwandani za bluu za ampia 16. Kila baada ya miezi mitatu kaza skrubu zote kwenye bodi, shaba hulegea kwa kupata joto na kupoa.

Ethi (fimbo ya shaba inayopeleka umeme uliovuja ardhini): udongo wa sehemu nyingi za Mbeya ni majivu ya volkano, masika unashika maji vizuri, ikifika Septemba na Oktoba umekauka na ukinzani unapanda mara kadhaa. Fundi akipima Machi atakuonyesha namba nzuri. Pima tena Oktoba. Lenga chini ya ohmu 10, na kama fimbo moja haifiki, ongeza ya pili umbali wa angalau urefu wa fimbo yenyewe, ukiziweka karibu karibu ni hasara ya shaba. Na kwa radi za huku, kizuia radi kwenye bodi kuu si cha hiari.

Muda wa kuchaji: kuanzia saa 4 usiku hadi saa 11 alfajiri. Kati ya saa 1 na saa 4 usiku watu wanapika, volti mwisho wa laini zinashuka, na chaja za kisasa volti zikishuka zenyewe huongeza ampia ili zipate nguvu ile ile. Nyaya zinachemka bila mtu kuelewa kwa nini. Pia umeme ukikatika na kurudi, chaja 10 zikiwaka kwa mpigo breka kuu inaruka. Weka rilei ya kuchelewesha kwenye kila laini, ya kwanza sekunde 30, ya pili 60, na kuendelea.

Watakaokuambia weka sola: uniti 90 kwa siku zinataka paneli za kilowati 24 hivi, kama paneli 44 za wati 550, na paa lenye zaidi ya mita za mraba 110. Tena bajaji ziko barabarani jua linapowaka, kwa hiyo unahitaji na betri za kuhifadhi. Kwa saa moja ya chaji ya mchana sola kidogo ina maana. Kwa chaji ya usiku, bado.

---

Sokomatola_Juu alijibu:

Samahani wakuu, mnazidisha namba nzuri juu ya swali lililokaa vibaya. Hizo km 110 ni ngapi zenye abiria? Bajaji ikishusha mtu Isanga inarudi tupu mpaka Kabwe kwa sababu dereva hajui kama kuna mtu anasubiri Block T. Kabla ya kununua betri ya ampia-saa 200, punguzeni safari tupu.

Haihitaji programu ya gharama. Namba moja ya simu ya kikundi, mpokeaji mmoja kwenye kijiwe, na ramani inayoonyesha bajaji zote 10 ziko wapi. Abiria anapiga, mpokeaji anamtuma aliye karibu, malipo kwa lipa namba. Kila kilometa tupu 20 mnazookoa kwa siku ni kama uniti 1.1 kwa hesabu yenu hata kabla ya mlima, na hapo betri ya 150 inakaribia kutosha bila kuchaji mchana. Usafiri wa mjini wenye akili kwa mji wa ukubwa wa Mbeya uanzie hapo. Mota ije baadaye.

---

Kontrola_51V alijibu:

Sokomatola_Juu, hoja ya kilometa tupu naikubali, na kweli inabadilisha ukubwa wa betri. Lakini mota haibadiliki. Bajaji hata ikipanda mlima mara moja tu kwa siku, mara hiyo moja inataka kilowati zile zile. Betri pangia wastani wa siku, mota pangia mlima mbaya kuliko yote.

---

Mwana_Uyole aliandika:

Asanteni sana, tayari ile ya asidi tumeifuta. Mtu asaidie: milima tunaipimaje? Maana hizo mita 1,000 ni za kukadiria. Na breki je? Kushuka kutoka juu na abiria watatu kunanitisha kuliko kupanda.

---

Kihesa_Kilolo alijibu:

Kamwene wakuu. Huku Iringa tunazungumzia jambo hilo hilo, maana mtu akitoka Ipogolo chini kwenye barabara kuu mpaka mjini ni mlima mtupu, na kurudi ni mteremko mtupu.

Breki kwanza, kwa sababu hapo ndipo watu wanapoumia. Bajaji ya umeme ukiachia mafuta, mota inageuka jenereta na kuzuia mwendo. Dereva anazoea kizuizi hicho ndani ya wiki moja, anasahau pedali. Sasa asubuhi ametoka kituoni, betri imejaa asilimia 100, na kituo kiko juu ya mlima. Betri iliyojaa haina pa kuweka umeme unaorudi. Bodi ya ulinzi inafunga mlango, kizuizi cha mota kinapotea ghafla, katikati ya mteremko. Dereva anakanyaga pedali kwa pupa, breki za ngoma zinapata joto kwa mara moja, na akiendelea kukanyaga mfululizo zinalegea.

Dawa yake: kituo cha chaji kiwe sehemu ya chini ya njia zenu, Mafiati au Uyole, si Isanga. Kama lazima kiwe juu, ishieni asilimia 90. Lakini msitumie volti kukadiria hiyo 90. LFP volti zake zimelala: kati ya asilimia 30 na 80 kila seli (kijibetri kimoja kati ya vilivyounganishwa ndani ya betri) inasoma karibu volti 3.3 muda wote, na ukiiacha kwenye 3.5 kwa muda inakaribia kujaa kabisa. Tumieni kihesabu cha bodi yenyewe, kinachohesabu ampia zinazoingia na kutoka. Nacho kinapotoka taratibu, kwa hiyo mara moja kwa wiki, jioni ya Jumamosi kwa mfano, chaji mpaka volti 58.4 na iache saa mbili ili seli zilingane na kihesabu kijirekebishe. Siku inayofuata dereva aambiwe kwamba leo anatoka na betri iliyojaa.

Ngoma za breki zikaguliwe kila wiki mbili, si kila mwezi kama kwenye petroli, mpaka mjue tabia ya njia zenu. Na breki ya mkono ijaribiwe kwenye mlima ikiwa na mzigo. Injini ya petroli ukiizima kwenye gia inashika, mota ya umeme ikizimwa inazunguka bure.

Baridi: Juni na Julai usiku huku Nyanda za Juu Kusini nyuzi zinaweza kushuka hadi 5 au chini, na Njombe na Makete jivu la barafu kwenye nyasi ni jambo la kawaida. LFP haichajiwi chini ya nyuzi 0, lithiamu inaganda juu ya sahani ndani ya seli na uwezo unaopotea haurudi tena. Kati ya 0 na 10 ichajiwe polepole. Chaja ya ampia 30 kwa betri ya 200 ni polepole ya kutosha. Bajaji ikitoka kazini betri bado ina joto, ipakieni ndani penye ukuta, msiiache uwanjani ipoe halafu mchaji saa 9 usiku.

Maji: mota na viunganishi viwe na kiwango cha IP67, yaani visiingize vumbi wala maji. Mvua haiviharibu kama pampu ya presha ya waosha magari. Kataza pampu hiyo kwenye viunganishi vya betri na mota, na kwenye kontrola.

---

Ramani_Nyanda alijibu:

Kupima mlima. Simu yenye kipima mgandamizo wa hewa, rekodi safari nzima ya kila njia kwa programu yoyote ya kurekodi njia, kwenda na kurudi, siku mbili tofauti. GPS peke yake inakosea mwinuko kwa mita 10 au 20 na inarukaruka, ukiijumlisha hivyo hivyo utapata mlima ambao haupo. Laini data kwa vipande vya mita 50 kabla ya kujumlisha. Jumlisha kila kupanda hata kama baadaye unashuka, usichukue tofauti ya mwanzo na mwisho. Kisha toa kipande kibaya kuliko vyote: mwinuko gawanya kwa urefu mara 100. Hicho ndicho cha kumpa muuzaji wa mota.

Ukishakuwa na rekodi hizo usiziache kwenye simu. Mwaka 2014 Nairobi ilitolewa ramani ya njia za matatu, iliyochorwa kwa watu kupanda magari wakiwa na simu, na data yake ikatumika hata kwenye programu za kutafuta njia. Daladala na bajaji za Mbeya zinaweza kuwekwa kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, kwa njia hiyo hiyo. Barabara ya njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, km 29, itabadilisha vituo na mahali pa kugeuzia, na atakayekuwa na data ya kabla na baada ndiye atakayesikilizwa vituo vitakapopangwa.

Kifuatiliaji cha bajaji: kikituma taarifa kila sekunde 30 kwa saa 12 ni jumbe 1,440, hazifiki MB 1 kwa siku. Usikubali kifurushi cha bei ya ajabu. Taka kisome pia betri, si mahali tu: asilimia iliyobaki, volti ya seli ya chini kabisa, joto la mota na la kontrola. Seli ikishuka chini ya volti 2.8 mlimani wakati nyingine ziko 3.1, hiyo ndiyo itakayoua betri nzima, ing'oe mapema wakati dhamana bado inaishi.

Na kosa ambalo mafundi wa taa na redio hulirudia kila kukicha: kuchukua volti 12 kutoka kwenye seli nne za mwanzo za betri. Seli hizo zinachoka peke yake, betri inapoteza ulinganifu, bodi inakata. Kifuatiliaji, redio na taa za urembo vyote vipite kwenye kibadilishi cha volti 51 hadi 12 kinachovuta kutoka betri nzima, na fyuzi ya ampia 2 kwa kifuatiliaji.

Madereva waambiwe kwenye mkataba nini kinarekodiwa na nani anaona. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu hata kikundi cha bajaji 10.

---

Fundi_Njia_Tatu alijibu:

La kubadilisha betri kama Kigali: kule zilianza pikipiki, betri yake mtu mmoja anaibeba kwa mkono. Betri ya bajaji ya uniti 7.7 ina kilo 70 au zaidi. Ili ibadilishwe lazima igawanywe vipande vitatu vya ampia-saa 50, kilo 25 hivi kila kimoja, vikiunganishwa sambamba. Hapo ndipo shida: ukiunganisha kipande kilichojaa na kilichoisha, kilichojaa kinamwaga ampia nyingi ndani ya kilichoisha kwa mara moja, viunganishi vinatoa cheche na bodi zinaungua. Tofauti isizidi nusu volti, au kila kipande kiwe na kifaa chake cha kudhibiti mtiririko. Na unahitaji betri za ziada, angalau 3 hadi 4 kwa bajaji 10, ambazo ni mtaji uliolala. Kwa bajaji 10 zenye saa sita za kulala kila usiku, chaji. Mkifika 60 mkaanza kufanya zamu mbili, zungumzeni upya.

---

Kontrola_51V alijibu:

Mwana_Uyole, kabla ya kusaini chochote mwombe muuzaji alete bajaji moja Mbeya. Pakia mifuko 5 ya saruji ndani, kilo 250, pamoja na dereva ndiyo mzigo kamili wenye kuzidi kidogo. Betri iwe na asilimia 30, si 100, maana muuzaji yeyote hupanda mlima na betri iliyojaa. Peleka kwenye kile kipande kibaya kuliko vyote mtakachokipima. Simamisha katikati, shika breki ya mkono dakika moja, ondoka. Rudia mara tatu mfululizo bila kupumzisha, halafu soma joto: mota isizidi nyuzi 120, kontrola isizidi 80. Kama haina kipimo cha joto cha mota, chukulieni imefeli, kwa sababu kikundi hakitajua inaungua mpaka harufu itoke.

Halafu shuka nayo ikiwa imejaa, bila mifuko kwanza, mwone kizuizi cha mota kinafanya nini. Yakiwekwa kwenye mkataba kwamba malipo ya awamu ya pili yanafuata jaribio hilo, mtaona wauzaji wangapi wanabaki mezani.